Gata mpya na paa lisilo na ukoga: mwongozo kamili kwa nyumba za nyanda za mvua

Mwezi Septemba mwaka jana nilipanda ngazi kwenye nyumba ya mama, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, nikiwa na bisibisi mkononi. Nilitaka kujua kama fisha bodi, ule ubao unaofunika ncha za kenchi na kubeba gata (mfereji wa kupokea maji ya paa), bado ni nzima. Nikaichoma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, kama kidole kwenye parachichi lililopitiliza kuiva. Ndani ya gata mlikuwa na tope jeusi la kina cha vidole vitatu, juu ya tope ukoga wa kijani, na katikati ya ukoga umeota mche wa mgrevilea wenye majani manne. Gata yenyewe ilikuwa na miaka sita tu.

Fundi aliyeifunga aliinyoosha sambamba na fisha bodi ili ipendeze ukiitazama kutoka barabarani, kwa hiyo maji yakawa yanatuama. Nasi wenye nyumba tuliliacha paa liote ukoga, na kila mvua kubwa ukoga ule ulimeguka vipandevipande ukaporomokea humo humo ndani ya gata. Tangu siku ile nazichukulia hizi kama kazi moja, na kazi hiyo huanzia juu ikashuka chini. Ukifunga gata mpya chini ya paa lenye ukoga, umenunua chombo kipya cha kukusanyia uchafu.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa Rungwe, wilaya yetu, lakini wa Lushoto, Marangu, Kericho na Limuru wana ukungu na mvua kama sisi, na kazi ni ile ile.

Pima maji kabla ya kununua chochote

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Hesabu nyingine zote zinatoka hapo. Chukua nyumba yenye paa la urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, ukiwa umepima chini ardhini kutoka ukingo hadi ukingo (usipime kwa kufuata mwinamo wa bati). Kila upande wa paa unabeba mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 20 ikishuka kwa nusu saa, na huku kwetu hiyo si mvua ya kushangaza mtu, upande mmoja unamwaga lita 800. Hayo ni mapipa manne ya lita 200, au ndoo ya lita 20 inayojaa kila baada ya sekunde 45. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Paa zima la mita 80 za mraba linapitisha zaidi ya lita 160,000, na maji hayo yote yasipopewa njia huangukia kwenye msingi wa nyumba.

Kanuni ya kupata ukubwa wa gata ni rahisi: kwa kila mita 1 ya mraba ya paa, uwazi wa gata uwe angalau sentimita 1 ya mraba. Gata ya nusu duara yenye kipenyo cha sentimita 10, ambayo ndiyo imejaa madukani, ina uwazi wa takriban sentimita 39 za mraba. Kwa upande wetu wa mita 40 za mraba imefika mwisho kabisa, na ikiingiwa na majani kidogo tu inafurika. Kwa nyanda za mvua nyingi mimi nazidisha mara mbili na kuendelea. Bomba la kushushia maji nalo liwe la inchi 3 kwa upande wa namna hiyo, na kama paa ni kubwa zaidi weka la inchi 4.

Bati au plastiki? Zote zinafaa. Gata za plastiki hazishiki kutu na ni nyepesi, lakini jua la miaka mingi huzifanya ziwe ngumu na kukatika kama biskuti, na vishikizo vyake vikiwa mbalimbali hulegea zikapinda. Gata za bati zinakunjwa na fundi kwa ukubwa unaoutaka, na zikiharibika zinazibika. Kwa mama tuliamua bati la geji 28. La geji 30 ni jembamba mno kwa kazi hii, ukiliegemeza ngazi siku moja limekwisha.

Bati bapa la kawaida lina urefu wa mita 2.44 na upana wa mita 1.22. Likikatwa kwa urefu wake linatoa vipande vitatu vya upana wa sentimita 40. Kila kipande tulikikunja hivi: mgongo wa sentimita 14 unaolala kwenye fisha bodi, sakafu sentimita 12, uso wa mbele sentimita 11, na sentimita 3 zilizobaki zikakunjwa kuwa mdomo wa kuipa gata nguvu. Uso wa mbele kuwa mfupi kuliko mgongo ni jambo la kukusudia. Siku gata ikizidiwa, maji yamwagike mbele uani, yasirudi nyuma kwenye mbao na ukuta. Kwa upande wa mita 10 unahitaji vipande vitano, kwa kuwa kila unganisho linakula sentimita 10. Pande mbili ni vipande kumi, yaani mabati manne, na vipande viwili vinavyobaki ni vya vifuniko vya mwisho na viraka.

Wakati wa kufanya kazi, na namna ya kutokuumia

Agosti hadi Oktoba ndio muda wetu. Mvua imepungua, mbao zimekauka, na kuna wiki kadhaa za kurekebisha makosa kabla Novemba haijaingia. Anza saa nne asubuhi, umande ukishakauka, kwa sababu ukoga wenye maji unateleza kama mlenda.

Usipande peke yako. Ngazi isimame hivi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani, ifungwe juu kwa kamba, na chini awepo mtu wa kuishika. Usiiegemeze kwenye gata, ya zamani wala mpya. Ukiwa juu ya bati kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo zilipo papi, mbao zinazobeba mabati. Bati la plastiki la kuingizia mwanga usilikanyage kabisa. Jifunge kamba kiunoni, uipitishe juu ya kofia ya paa (bati linalofunika kilele chake), uifunge upande wa pili kwenye kitu kisichong'oka. Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani unapita wapi, na chunguza kingo za paa kama kuna nyigu.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu. Nyumba nyingi za zamani, hasa za shule, mission na za watumishi wa serikali, zimeezekwa kwa asbesto: mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi makubwa, yanayovunjika kama kigae. Kama paa lako ni hilo, usilisugue, usilikate, usilitoboe. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta magonjwa yanayojitokeza miaka mingi baadaye, saratani ikiwemo. Gata unaweza kuifunga kwenye fisha bodi bila kuligusa, lakini ukoga wake uache, na maji yake usiyanywe. Kuliondoa ni kazi ya wenye vifaa na mafunzo yake.

Kuutoa ukoga

Ukoga hauna mizizi ya kweli. Unajishikiza kwa vinyuzi vidogo, unaishi kwa unyevu na vumbi, na mbegu zake ni unga mwepesi unaopeperushwa na upepo. Ndiyo maana unapenda upande wenye kivuli. Kwetu kusini mwa ikweta, miezi ya baridi na ukungu, Mei hadi Agosti, jua linapita upande wa kaskazini, hivyo mteremko wa paa unaotazama kusini unachelewa kukauka. Kwenye nyumba ya mama, upande wa kaskazini ulikuwa na madoa ya kijivu tu, ya kuvumwani, yale magamba makavu yanayoganda hata juu ya mawe. Kusini ukoga ulikuwa mnene kama zulia.

Zulia hilo linakaa na maji kama sponji siku nzima baada ya mvua kukatika. Kwenye bati, kutu huanzia pale bati mbili zinapopandana na kuzunguka vichwa vya misumari. Kwenye vigae, ukoga hujipenyeza katikati ya kigae na kigae na kuvuta maji kwenda ndani, mpaka dari inatoa madoa ambayo watu hudhani ni kigae kilichopasuka.

Kwanza ziba kabisa njia ya kwenda kwenye tanki. Kisha fagia ukoga ukiwa mkavu, kutoka kwenye kofia kushuka chini, kwa ufagio mgumu wa chelewa au brashi ya nyuzi za plastiki. Siku zote shuka, usisugue kupanda juu, kwa kuwa utainua midomo ya vigae na kusukuma uchafu chini ya maunganisho ya bati. Palipong'ang'ania tumia kipande cha ubao kilichochongwa ncha bapa. Brashi ya waya iache stoo: inakwangua zinki, na bati likishapoteza zinki yake kutu haina kizuizi tena. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu nayo haifai. Kwenye vigae vya saruji inang'oa ngozi ya juu, na kigae kinabaki na uso wenye vitundu, mahali pazuri zaidi pa ukoga mpya kushika.

Ukishafagia, suuza bati kwa maji ya sabuni ya unga na brashi laini, halafu maji safi. Inatosha. Watu wengi hawaamini kwamba inatosha, wanatafuta dawa kali, na hapo ndipo mabati yanapouawa. Mrututu umejaa majumbani kwetu kwa sababu ya kahawa na nyanya, na ni kweli unaua ukoga. Lakini ni chumvi ya shaba, na shaba ikikutana na zinki juu ya bati, zinki inalika kwa kasi ya ajabu. Niliona bati lililopigwa mrututu likiwa na madoa meusi ndani ya wiki chache, na kabla mwaka haujaisha madoa yale yalikuwa mekundu kwa kutu. Maji ya majivu yanatafuna zinki na alumini. Siki pia inatafuna. Chumvi inaita kutu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nayo isiguse bati tupu.

Kwenye vigae vya udongo au saruji peke yake, klorini inaruhusiwa: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 10 za maji, unapaka siku isiyo na upepo, unaacha robo saa, unasuuza kwa maji mengi. Vaa glavu na miwani, usiichanganye na kitu kingine chochote cha kusafishia, na hakikisha maji yale hayaendi kwenye bustani, kwa ng'ombe wala kwenye tanki.

Kung'oa ya zamani na kuangalia mbao

Chota tope kwanza kwa sepeto ndogo au kopo lililokatwa, uliweke kwenye ndoo. Gata iliyojaa tope lenye maji ni nzito kuliko unavyodhani, na ikiachia ghafla inamvuta aliye kwenye ngazi. Tope lenyewe ni mbolea nzuri ya migomba, isipokuwa kama ulitumia klorini.

Kisha pita na bisibisi kwenye fisha bodi yote, kila nusu mita, hasa nyuma ya maunganisho ya gata ya zamani na kwenye kona. Palipo laini kata, na usikate sentimita kumi tu. Nenda mpaka ufike kwenye mbao ngumu, halafu songa mbele mpaka kwenye kenchi inayofuata ili kiungo kipya kipate pa kupigiliwa. Ubao mpya uwe umetiwa dawa na umekauka. Upake rangi pande zote, nyuma na kwenye vichwa vilivyokatwa pia, kabla ya kuupigilia. Mafundi wengi hupaka uso tu baada ya kufunga, na maji huingilia kichwani. Wako wanaopaka oili chafu ya gari. Kama maji ya paa unayanywa, usikubali.

Angalia pia ncha ya bati. Inatakiwa ivuke fisha bodi kwa sentimita 5 hivi ili maji yadondokee ndani ya gata, karibu na katikati yake. Bati likiwa fupi, maji yanarudi nyuma kwa kuambaa chini ya bati na kushuka kwenye ubao, na gata yako haitayaona. Kata utepe wa bati bapa wa sentimita 15, ukunje ncha yake, uusukume chini ya mabati kama ulimi unaoelekea kwenye gata. Kazi ya saa mbili inayookoa fisha bodi nzima.

Mteremko

Mwinamo unaotosha ni milimita 5 kwa kila mita. Kwa mita 10, mwisho mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita 5. Ukiinamisha milimita 10 kwa mita, maji yatakwenda kasi zaidi, lakini mwisho wa chini utakuwa mbali mno na bati, na mvua ya upepo itaruka nje ya gata. Kwa nyumba ndefu kuliko mita 12 weka kilele katikati, maji yashukie kwenye bomba mbili, moja kila mwisho.

Usiamini kwamba fisha bodi imenyooka, na pima maji fupi ya fundi haisaidii kwenye urefu huu. Tumia mpira wa maji unaopitisha mwanga. Ujaze maji, uhakikishe hauna mapovu ndani (povu moja linatosha kukudanganya sentimita mbili), mmoja ashike ncha moja kwenye mwanzo wa gata na mwingine ncha ya pili kwenye mwisho. Subirini maji yatulie. Palipo na uso wa maji kwenye ncha zote mbili ndipo penye usawa wa kweli. Wekeni alama kwa penseli. Kisha kwenye mwisho wa bomba shuka sentimita 5 kutoka kwenye alama, pigilia msumari, funga uzi, ukaze mpaka ulie ukiugusa.

Kwa mama, mpira ulituonyesha kwamba fisha bodi yenyewe ilikuwa imeshuka sentimita 3 upande usio na tanki. Ndiyo kusema gata ya zamani, iliyonyooka vizuri machoni pa kila mpita njia, ilikuwa inapeleka maji mbali na tanki kwa miaka sita. Uzi mpya ulipofungwa, yule kijana tuliyekuwa naye akasita.

"Mama, ikiinama hivi watu watasema fundi hajui kazi."

"Iache iiname, mwanangu," mama akamjibu kutoka uani. "Mimi nataka maji yafike kwenye tanki."

Vishikizo vifungwe kwa kufuata uzi, kila baada ya sentimita 60. Kwenye unganisho na kwenye tundu la bomba ongeza kimoja ndani ya sentimita 15. Tumia skrubu badala ya misumari, maana msumari unalegea bati linapotanuka na kusinyaa kwa jua na baridi. Kwenye kilele cha mteremko, mgongo wa gata uinuke mpaka sentimita 1 au 2 chini ya ncha ya bati. Ukimaliza kila kishikizo angalia kwa jicho lako kwamba mdomo wa mbele uko chini kuliko mgongo.

Kuunganisha bila kuvuja

Anza kufunga vipande kutoka upande wa bomba ukipanda. Kila kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini yake, sentimita 10, kama bati zinavyopandana kwenye paa. Ukigeuza, maji yatakuwa yanapiga kwenye mdomo wa unganisho na hakuna silikoni itakayovumilia. Futa vumbi na mafuta kwa kitambaa kikavu, mwaga mistari miwili ya silikoni kwa upana wote pamoja na pande za juu, kandamiza, kisha piga ribiti (pini za kubania bati mbili) mistari miwili zikipishana. Ndani, paka tena silikoni juu ya kila kichwa cha ribiti. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya kumwaga maji.

Wapo mafundi wazuri wa kuchomelea viungo kwa risasi. Kwa gata zinazomwaga maji shambani sina ubishi nao. Kwa maji yanayokwenda kwenye tanki la kunywa usiruhusu, kwani risasi ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Aliyechagua plastiki azingatie jambo moja: plastiki inatanuka. Kipande cha mita 4 kinaweza kurefuka milimita 7 au 8 kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua kali. Kwenye kila unganisho acha nafasi ya milimita 8 hivi, usibane mpaka mwisho, na vishikizo viruhusu gata iteleze. Wanaogandisha kila kitu kwa gundi ndio wanaoshangaa gata imejikunja.

Tundu la bomba litobolewe kwenye sakafu ya gata, mahali pa chini kabisa. Kingo zake zipigwe kuelekea chini ili zisitengeneze ukuta mdogo wa kuzuia maji. Hapo hapo weka wavu wa waya ulioviringwa kama kikapu kilichopinduliwa. Wavu uliolala bapa juu ya tundu unazibwa na jani moja tu la mgrevilea.

Kushusha maji

Bomba lishuke wima, lishikwe ukutani kila mita 1.5, na kona ziwe za mpindo mpana. Maji yasiyokwenda kwenye tanki yafikishwe angalau mita 1.5 kutoka kwenye msingi, kwa mfereji wa saruji au mawe, kuelekea migombani. Nimeona nyumba mpya zikipasuka pembeni kwa sababu bomba liliishia juu ya zege la msingi, likawa linachimba pale pale kila siku ya mvua.

Kama unavuna maji, weka bomba la kupokea maji ya kwanza, yale yanayobeba kinyesi cha ndege na vumbi. Kwa kila upande wa mita 40 za mraba tenga kama lita 20. Bomba la inchi 4 linachukua karibu lita 8 kwa kila mita, hivyo mita mbili na nusu za bomba lililosimama, lenye kifuniko cha kufungua chini, zinafanya kazi hiyo. Likijaa, maji safi yanapita juu yake kwenda kwenye tanki. Baada ya mvua fungua kifuniko umwage. Mdomo wa tanki uwe na wavu wa tundu ndogo usiopitisha mbu.

Ukoga usirudi

Mwanga na hewa ndiyo dawa ya kwanza. Kata matawi yanayolifunika paa mpaka yabaki mbali kwa mita 2 au 3. Kwa mama ulikuwa mparachichi, na hatukuukata wote. Tulitoa matawi matatu ya upande wa kusini, na ndani ya mwezi mmoja paa likawa linakauka kabla ya saa sita mchana.

Ya pili ni kwa wenye vigae. Tazama nyumba yoyote ya vigae yenye kofia ya bati: chini ya kofia kuna utepe msafi usio na ukoga, hata kama paa lote lililobaki ni la kijani. Mvua inayeyusha chembe za zinki kutoka kwenye bati na kuzishusha, na ukoga hauzipendi. Basi kata tepe za bati jipya la zinki za upana wa sentimita 15, uziingize chini ya kofia pande zote mbili za paa, zitokeze sentimita 8 hadi 10, na uzikaze kwa skrubu zenye mpira. Usafi wake unashuka mita chache tu, kwa hiyo kwenye paa refu rudia utepe mwingine katikati. Kuna nchi wanakotumia utepe wa shaba. Usijaribu kama chini yake kuna bati au gata ya bati, kwa sababu ile ile ya mrututu.

Paa la bati tupu lililofubaa linaweza kupakwa rangi ya mabati baada ya kusafishwa na kukauka vizuri. Uso laini hauna pa kushika vumbi, na ukoga bila vumbi haupati pa kuanzia. Kama unayanywa maji, chagua rangi iliyoandikwa kwamba inafaa kwa mapaa ya kuvunia maji.

Jaribio na ratiba

Kabla hujamlipa fundi, panda na ndoo mbili za maji umwage kwenye kilele cha gata. Mtu mwingine atembee chini akiangalia kila unganisho. Maji yote yanatakiwa yawe yameondoka baada ya dakika moja au mbili, na yakibaki mahali weka alama, legeza kishikizo kinachofuata upande wa bomba, kishushe kidogo, ukaze tena. Halafu mvua kubwa ya kwanza ikija, vaa koti, utoke nje ukatazame. Angalia kama maji yanaruka mdomo wa mbele, kama yanachuruzika nyuma kwenye ubao, na kama bomba linalia kwa nguvu ile ile pande zote mbili.

Usafi ni mara tatu kwa mwaka: Oktoba kabla ya mvua, Januari katikati, na Juni zinapokatika. Kila mara toa majani, inua kikapu cha wavu, mwaga ndoo moja uone mwendo wa maji, na pitisha ufagio mkavu kwenye upande wa kusini hata kama ukoga bado ni vidoadoa. Ukiwa vidoadoa ni kazi ya nusu saa. Januari hii nilipopanda kwa mama nilikuta konzi mbili za majani na kiota kitupu cha ndege, na fisha bodi ikarudisha bisibisi yangu kila nilipoichoma.